Umepotea?

Nilishuka kituo kimoja kabla ya ziwa,
kwa makusudi, tena nasisitiza, kwa makusudi,
ingawa mkagua tiketi alinishika bega:
"Si hapa, bibi. Ziwa bado."
Nikamwambia najua.
Akavitazama viatu vyangu, akapuliza filimbi,
treni ikaenda zake na watalii wote na kofia zao pana.

Nikabaki na mji.

Bonde jembamba kama mfuko wa suruali,
mto umebanwa na zege huku na huku,
viwanda vimesogeleana hadi ubavuni mwa kanisa
kama watu wanaoota moto.
Hapa wanatengeneza koki za maji. Koki tu.
Za jikoni, za hospitali, za mabafu ya matajiri,
koki zenye shingo ndefu za korongo,
na zile fupi, nene, zenye kiburi, za bustanini.

Kwenye baa, Fermo akaniwekea kikombe.
"Umepotea?"
"Nimekuja kutembea."
Akageukia chumba cha nyuma, akapaza sauti:
"Zelinda! Njoo uone! Huyu amekuja kutembea!"
Wazee wanne mezani
wakaziacha karata zao hewani.

Wakajadili nionyeshwe nini.
Mmoja akasema kanisa. Kanisa limefungwa,
padri ana parokia tano na gari moja bovu.
Mwingine akasema daraja.
Daraja lilivunjwa, Ettore, mwaka ule wa mafuriko,
na wewe mwenyewe ulikuwepo.
Wa tatu akasema kwa sauti ya chini,
kama anayemtaja ndugu yake mlevi:
"Kuna kiwanda."

Zelinda akavua aproni.
Miaka thelathini na minane alisugua shaba.
Alinitembeza nje ya ukuta, maana ndani haturuhusiwi,
akinionyesha madirisha kwa kidole kilichopinda:
pale zamu ya usiku, pale mashine iliyokula vidole vya Oreste,
pale nilipompiga msimamizi kofi.
"Akaomba msamaha?"
"Hakuomba. Alinioa.
Ndiye yule aliyekuuzia kahawa."

Kiangazi, anasema, jasho lilitutoka kijani.
Mashuka kijani, mto wa kulalia kijani,
mama mkwe akadhani nimerogwa.
Anacheka, kisha hacheki.
Anakikuna kiganja kana kwamba
vumbi lile bado limo.

King'ora kikalia. Lango likafunguka.
Akatoka Gurdev, kilemba rangi ya zafarani,
mkate mkononi, unga wa shaba kwenye nyusi.
Kutoka Punjabi hadi hapa, miaka kumi na saba.
Akanisogelea, na kwa lafudhi nzito ya bonde hili,
ile inayomeza mwisho wa maneno,
akaniuliza kwa upole kabisa:
"Umepotea?"

Mgeni njoo, husemwa, mwenyeji apone.
Sijui siku ile ni nani aliyepona.
Najua tu kwamba nilikula supu mara mbili
na hakuna aliyekubali pesa yangu.

Nikalala chumba cha juu ya baa.
Usiku kucha koki ya bafuni ilidondoka.
Tone. Kimya. Tone.
Niliweka taulo chini yake. Niliweka soksi.
Katika mji huu, jamani, katika mji huu!

Asubuhi nilimwambia Fermo, kwa kunong'ona,
lakini baa ile haijui kunong'ona.
Wazee wanne wakainuka kwa mpigo,
wakapanda ngazi na spana zao,
na Gurdev nyuma yao, ametoka zamu, hajalala bado,
na Zelinda mbele ya wote.
Nilisikia vyuma, matusi, ubishi,
halafu kimya cha msibani,
halafu sauti ya Zelinda ikishuka ngazi kabla yake:
"Fermo! Hii imetoka Ujerumani!"

Fermo aliendelea kufuta glasi
iliyokwisha kukauka.

Treni ya ziwa ilipita saa nne na dakika sita.
Maji yalikuwa bado yamefungwa,
nami sijapiga mswaki.